Tuwafundishe Watoto Kabla ya Kupanda Mlima

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa na idara yetu ya watoto na vijana mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wahisani. Tunaichapa karibu yote kwa manufaa ya parokia ambazo hazikuwakilishwa.



Mada tuliyopewa ni namna ya kuwaandaa watoto wadogo kwa matembezi ya milimani na msituni. Kila likizo inapokaribia, maombi ya safari za watoto huanza kufika mezani kwa kamati. Watoto wanataka kuona maporomoko ya maji, msitu mkubwa, kreta. Walimu huandaa bajeti: basi, chakula, soda, fulana za rangi moja, kiingilio cha hifadhi. Bajeti inapitishwa, tarehe inatangazwa, na siku ikifika mtoto wa miaka 7 anapanda basi bila kuambiwa hata neno moja kuhusu afanye nini akijikuta peke yake porini.

Neno letu la leo ni moja. Usalama wa mtoto safarini hutengenezwa wiki tatu kabla ya safari, darasani na ndani ya bajeti. Siku ya safari ni siku ya kutekeleza tu yale ambayo mtoto na mwalimu wake wameshayazoea.

Matukio mawili ya kukumbuka

Mwezi Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa nchini Kenya lilikwenda kutembea katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Wakiwa ndani ya korongo jembamba la hifadhi hiyo, mafuriko ya ghafla yaliwakuta, na vijana 7 wakapoteza maisha. Mwezi Septemba 2019, mafuriko ya aina hiyo hiyo yaliua watu wengine katika korongo lile lile. Tunayataja haya kwa heshima kwa wafiwa, wala hatuko hapa kumhukumu mtu. Tunayataja kwa sababu msafara wa kanisa si tofauti na msafara mwingine wowote mbele ya maji. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima, wakati ninyi mliomo korongoni mnaona anga jeupe. Mtu akiingia korongoni bila kujua hali ya mvua huko juu, ameingia gizani ingawa ni saa 6 mchana.

Tukio la pili lilitokea mbali na kwetu, lakini ndilo lililozaa mafunzo tunayotaka kuwaeleza. Mwezi Februari 1981, katika mlima Palomar, kusini mwa California huko Marekani, mtoto wa miaka 9 alikuwa akitembea na kaka zake akapotea. Watu wengi walijitolea kumtafuta. Siku ya 4 alipatikana akiwa amekwisha kufa kwa baridi. Miongoni mwa waliomtafuta alikuwamo Ab Taylor, askari wa doria ya mpakani aliyesifika kwa kufuata nyayo. Yeye na wenzake walitambua kwamba mtoto angeweza kuokoka kama angalifundishwa mambo machache mapema. Mwaka huo huo walianzisha mafunzo yanayoitwa Hug-a-Tree, yaani "kumbatia mti". Mafunzo hayo yamefundishwa tangu wakati huo kwa watoto wa Marekani na Kanada, na hayahitaji vifaa vya gharama.

Kwa nini mti? Tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyepotea akiendelea kutembea kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa, baada ya saa 1 anaweza kuwa mahali popote ndani ya eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Baada ya saa 2 eneo hilo linakuwa kilomita za mraba 50. Muda umeongezeka mara 2, lakini eneo la kutafuta limeongezeka mara 4. Mtoto aliyesimama pale alipogundua kuwa amepotea hatakuwa mbali na njia aliyopita mara ya mwisho, na watu wachache wataweza kumpata kabla ya usiku.

Mambo manne ya kumfundisha mtoto

Mtoto mdogo hawezi kukumbuka kanuni ishirini. Tunapendekeza afundishwe nne, na afundishwe vizuri.

Jambo la kwanza: simama, ukumbatie mti. Mtoto akiona hawaoni wenzake, asikimbie kuwatafuta. Achague mti ulio karibu, akae hapo. Mti unampa kitu cha kushika, na mtoto mwenye kitu cha kushika hupungukiwa na hofu. Hapa kuna masharti mawili ambayo mwalimu lazima ayaeleze. Mti usiwe ndani ya mkondo wa mto au korongo, hata kama mkondo ni mkavu. Tena, ngurumo zikisikika, mti mrefu uliosimama peke yake ni hatari kwa sababu ya radi; wakati huo mtoto akae penye vichaka au miti mifupi iliyo mingi pamoja.

Jambo la pili: usijifiche, hutagombezwa. Watafutaji wa watoto wanajua kwamba mtoto aliyepotea huweza kusikia jina lake likiitwa na bado akanyamaza. Sababu ni mbili. Amefundishwa kutozungumza na watu asiowajua, na anaogopa adhabu. Ndugu zetu, hili la pili linatuhusu sana. Mtoto wetu aliyepoteza kiatu njiani tayari anaiona fimbo inayomsubiri nyumbani. Sembuse aliyeacha msafara mzima? Kwa hiyo wazazi waitwe, na kila mzazi amwambie mtoto wake kwa kinywa chake mwenyewe: "Ukipotea, hakuna atakayekuchapa. Tutafurahi kukuona." Mwalimu hawezi kulisema hili kwa niaba ya mzazi, kwani si mwalimu anayeogopwa. Aidha, kundi lichague neno moja la siri. Mtu mzima ambaye mtoto hamfahamu akilitaja neno hilo, mtoto atajua kwamba ametumwa na walimu wake.

Jambo la tatu: onekana na usikike. Kila mtoto avae rangi inayong'aa, kama ya chungwa au ya njano. Rangi ya kijani na ya kahawia humficha msituni. Kila mtoto awe na filimbi yenye kamba. Sauti ya mtoto hukauka baada ya kupiga kelele kidogo, lakini filimbi inaendelea kulia maadamu ana pumzi, na inasikika mbali zaidi. Afundishwe kupuliza mara 3, kunyamaza na kusikiliza, kisha kupuliza tena mara 3. Milio 3 inajulikana na wapanda milima wa nchi nyingi kuwa ni wito wa msaada.

Jambo la nne: ubaki mkavu na mwenye joto. Sisi wakazi wa nchi za joto hudharau baridi. Lakini kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Tuchukue mfano wa Kilimanjaro. Mtoto aondokaye Moshi mjini joto likiwa nyuzi 28, akifika kituo cha Mandara kilichopo kwenye mita 2,700 hivi, atakuta takriban nyuzi 17, kabla hatujahesabu mvua, ukungu na upepo. Fulana ya pamba ikilowa haimpi joto tena. Kwa hiyo kila mtoto abebe sweta nzito na koti la mvua ndani ya mfuko wake mwenyewe. Visiachwe kwenye basi, wala visikusanywe katika begi la mwalimu, kwa sababu mtoto atakayepotea atapotea bila begi la mwalimu. Akisubiri, akalie majani makavu au mfuko wake, asikae juu ya udongo mtupu unaomnyonya joto.

Katika mafunzo ya Marekani, mtoto hupewa mfuko mkubwa wa plastiki wa takataka auvae kama koti. Hatushauri kuiga hilo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na mfuko wa plastiki kichwani mwa mtoto mdogo unaweza kumziba pumzi. Koti la mvua la kawaida linafaa zaidi na linatumika miaka mingi. Kwa parokia za Kenya tukumbushane pia kwamba tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Watoto wabebe maji katika chupa za kudumu.

Namna ya kufundisha

Watoto wadogo hujifunza kwa mchezo. Tunapendekeza vipindi vitatu vya nusu saa, Jumapili tatu mfululizo kabla ya safari.

Kipindi cha kwanza kifanyike uwanjani. Watoto wanatembea na kuimba, mwalimu anapaza sauti, "Umepotea!" Kila mtoto anakwenda kwenye mti au nguzo iliyo karibu, anaushika, na anabaki pale mpaka aitwe kwa jina. Atakayeondoka kabla ya kuitwa anaanza upya. Baada ya kurudia mara kadhaa, hata mtoto wa miaka 5 ataweza.

Kipindi cha pili ni cha filimbi na majina. Kila mtoto ajue kutaja jina lake kamili, jina la mzazi, jina la parokia, na namba ya simu ya nyumbani. Filimbi zipulizwe kwa pamoja mpaka hamu ya kuzichezea iishe, kisha waelezwe kwamba tangu sasa filimbi hailii ila kwa shida. Hapo hapo yafanyike mazoezi ya kujibu watafutaji: mtu mzima anaita kutoka nyuma ya jengo, na mtoto anaitika.

Kipindi cha tatu wazazi wawepo. Watoto wafunge mifuko yao wenyewe, waivae, na watembee kilomita 2 kuzunguka kijiji. Viatu vitakavyoumiza vitajulikana siku hiyo, si mlimani. Pia zichukuliwe alama za soli. Huko Marekani mzazi hukandamiza kiatu cha mtoto juu ya karatasi ya foili. Kwetu inatosha kupaka soli masizi na kuikandamiza juu ya karatasi nyeupe, kisha kuandika jina. Anayefuata nyayo akijua umbo la soli anayoitafuta, hatapoteza muda kufuata nyayo za mtu mwingine.

Wajibu wa watu wazima

Ndugu wajumbe, kumfundisha mtoto hakumwondolei mtu mzima mzigo wake. Yapo mambo ambayo ni ya kwetu.

Kwanza, kuhesabu. Yule mchungaji wa kondoo 100 alijua kwamba mmoja hayupo kwa sababu alihesabu. Angalisema "wapo wengi", asingekwenda kutafuta. Watoto wahesabiwe kwenye basi, langoni, katika kila mapumziko, na kabla ya kuondoka mahali popote. Watembee wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kumwangalia mwenzake. Mwalimu mmoja awe mbele na hakuna wa kumpita. Mwalimu mwingine awe nyuma na hakuna wa kubaki nyuma yake.

Pili, kupima safari kwa miguu ya mtoto. Taratibu za Hifadhi ya Kilimanjaro hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kupanda hadi kileleni, kwenye mita 5,895. Matembezi ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara ni takriban kilomita 8 kwenda na nyingine 8 kurudi. Huo ni mwendo mrefu kwa mtoto wa miaka 7. Kwa umri huo, saa moja ya kupanda msituni, chakula, na kurudi, ni safari kamili. Tena, kuanzia mita 2,500 hivi mwinuko wenyewe unaweza kumdhuru mtu. Mtoto mdogo hawezi kusema "kichwa kinaniuma kwa sababu ya mwinuko". Atanuna, atakataa kula, atatapika, au atataka kulala. Akiwa hivyo, dawa ni kumshusha.

Tatu, kupanga saa ya kurudi. Nchi zetu zipo karibu na Ikweta, na jua likizama giza huingia ndani ya nusu saa. Msituni huingia mapema zaidi. Saa ya kugeuza ipangwe tangu nyumbani, kwa mfano saa 7 mchana, na ikifika msafara ugeuke hata kama maporomoko yanasikika mbele. Kiongozi wa safari apewe na kamati mamlaka kamili ya kuahirisha au kugeuza, wala asilaumiwe kwa pesa zilizolipwa. Kiongozi anayeogopa lawama za kamati ataendelea mbele pale alipopaswa kurudi.

Nne, maji na radi. Msafara wa watoto usiingie korongoni siku za mvua, hata mvua ikiwa inanyesha mbali, na waulizwe kwanza askari wa hifadhi. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto hayawezi kabisa. Ngurumo ikisikika, wote waende kwenye basi au jengo imara, na wasubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Tano, wanyama. Penye nyati na tembo, watoto wasitembee bila askari wa hifadhi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa mfano, matembezi ya miguu hufanyika pamoja na askari mwenye silaha. Gharama yake iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sita, kuacha habari nyumbani. Mtu mmoja parokiani abaki na orodha ya majina, njia itakayofuatwa, alama za soli, na saa ya kurejea. Saa hiyo ikipita naye hajasikia habari, apige simu. Tanzania namba ya dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya ni 999 au 112. Msisubiri kukuche.

Hoja mbili tunazozisikia

Wapo wajumbe wanaosema, kwa nia njema kabisa, kwamba kama hatari ni nyingi hivi basi safari zifutwe. Tunaheshimu hofu yao. Lakini tuangalie maisha ya watoto wetu. Mtoto wa Rombo au wa Lushoto huenda kukata majani ya ng'ombe, kuokota kuni na kuchota maji bila msafara, bila mwalimu, na bila filimbi. Safari ya parokia tunaweza kuifuta, kuni hatuwezi. Mafunzo haya yatamfaa mtoto siku ya safari, na yatamfaa zaidi siku nyingine zote ambazo hakuna mtu mzima aliye naye. Hata parokia isiyo na mpango wa safari tunaishauri iyafundishe.

Wapo wengine wanaosema kwamba safari ni fupi, tumekwenda mara nyingi, na Mungu ametulinda. Tunamshukuru kwa hilo. Lakini wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, na hatuoni kwamba kununua filimbi ni upungufu wa imani. Mkulima anayeomba mvua huandaa shamba.

Kuhusu bajeti

Sasa tunawageukia wahisani na watunza hazina. Mara nyingi fulana za safari, zenye maandishi kifuani, hupata fedha kwa urahisi kwa sababu zinaonekana kwenye picha. Filimbi haionekani kwenye picha. Tunaomba mpangilio ubadilike. Filimbi, makoti ya mvua, sweta za mitumba, tochi, sanduku la huduma ya kwanza na ada ya askari viandikwe juu kabisa ya bajeti. Soda na keki zifuate. Kama fulana zitanunuliwa, ziwe za rangi ya chungwa au njano, nazo zitakuwa zimeingia katika usalama. Vifaa hivi visigawiwe vikapotelea majumbani. Parokia ivitunze katika sanduku moja, viazimwe kwa kila safari, na parokia jirani ziazimane.

Tunaziomba kamati zote zipitishe maazimio matatu katika kikao kijacho. Kwanza, hakuna mtoto atakayepanda basi la safari bila kuhudhuria vipindi vitatu. Pili, bajeti isiyo na vifaa vya usalama isipitishwe, hata kama fedha za mambo mengine zimepatikana. Tatu, kiongozi wa safari awe na mamlaka ya maandishi ya kugeuza msafara.

Kamati itakayopitisha maazimio haya itujulishe, nasi tutamtuma mtu wa kuendesha kipindi cha kwanza pamoja na walimu wenu. Anachohitaji kutoka kwenu ni uwanja wenye miti michache na watoto waliokwisha kunywa uji.